Kamshipa Kadogo Tu

Kliniki ya miguu ilikuwa mwisho kabisa wa korido ya hospitali, baada ya chumba cha meno na kabla ya stoo ya mafagio, na mwanamke aliyeiendesha wagonjwa walimwita Bi Vidole. Jina hilo alipewa na mzee mmoja aliyekuja analia kwa kucha iliyoota ikaingia kwenye nyama, akaondoka anacheka, na tangu siku ile hata wafagiaji walilishika. Mwenyewe hakukasirika. Alisema duniani kuna watu wanaitwa majina mabaya zaidi, tena kwa kazi za ovyo zaidi.

Kazi yake ilianza kabla mgonjwa hajakaa. Alimvua viatu, akamkunja suruali mpaka magotini, akampeleka mwanzo wa korido na kumwambia, "Njoo kwangu kama unavyokwenda dukani kununua chumvi. Usije kama unaingia harusini." Maana mtu akijua anatazamwa hutembea kwa madaha ambayo hata mkewe hajawahi kuyaona. Bi Vidole alisubiri madaha yaishe, ndipo akaanza kutazama. Alitazama kisigino kinavyotua, uzito unavyopita ukingo wa nje wa wayo, unavyohamia mbele chini ya vidole, na mwisho kidole gumba kinavyokandamiza sakafu na kuusukuma mwili wote uende zake. Watu wengi hudhani wanatembea kwa magoti. Yeye aliwaambia kwamba mwili wote huo, na kiburi chake, hupita juu ya kidole gumba kila hatua, na kidole gumba kikigoma, goti litalalamika, nyonga italalamika, na mwenye mwili atakwenda kununua dawa ya mgongo.

Viatu vyenye ncha ndivyo vilivyomtoa povu. Alimwinulia mgonjwa kiatu chake mbele ya macho na kumuuliza, "Mungu kakupa vidole vitano. Fundi kakujengea nafasi ya vitatu. Hivyo viwili vilale wapi, barabarani?" Mabinti wa maofisini walicheka, wakaahidi kubadilika, na mwezi uliofuata wakarudi na viatu vilevile vya rangi nyingine.

Hao wenye kuchekesha hawakumnyima usingizi. Aliowaogopea ni wenye kisukari. Hao aliwafumbisha macho, akawagusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni, akauliza, "Unasikia?" Wengine walijibu kwamba bado wanamsubiri aanze, na yeye alikuwa ameshawagusa kila mahali. Mguu uliokufa ganzi haumwambii mwenyewe lolote. Unaweza kukanyaga msumari asubuhi ukatembea nao mpaka jioni, na ukivua soksi ndipo unashangaa damu ni ya nani.

Na mmoja wa wenye miguu ya namna hiyo alikuwa mama yake mzazi.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga. Sare za shule za mtaa mzima zilipita mikononi mwake, na mapazia, na magauni ya mabibi harusi waliokwisha kuwa bibi. Alishona peku. Mwanawe alipomsihi avae viatu vya wazi vyenye soli laini, alivyomtengenezea kwa mikono yake mwenyewe, mama alisema kiatu kinamzuia asiisikie mashine.

"Kusikia gani, mama, na huo mguu hausikii hata sindano?"

"Naisikia kwa masikio," mama akajibu, akaendelea kukanyaga.

Basi kidole cha pili cha mguu wa kulia, kile kilicho jirani na gumba, kikaanza kujikunja. Kwa mtu mwenye kisukari cha muda mrefu jambo hilo si geni. Misuli midogo iliyomo ndani ya wayo hulegea taratibu, na ile mikubwa inayotoka huku juu kwenye muundi hubaki peke yake ikivuta, na kidole kinajikunja kama cha kuku aliyeshika fito. Mama akawa anatembelea ncha ya kidole. Ncha ikaota sugu, na chini ya sugu kikaja kidonda, kidogo cha kutosha kufunikwa na punje ya mahindi. Bi Vidole alikisafisha, akakifunga, kikakauka, kikafunguka tena. Alijua kwa nini. Kidonda cha namna ile hakiponi mpaka kidole kinyooke, na dawa ya kukinyoosha ipo, nyepesi mno kiasi kwamba inatia aibu kuiita upasuaji.

Akamwita mama kliniki. Akamketisha kwenye kiti kirefu cha wagonjwa, akauchukua ule mguu akaupakata mapajani, akamweleza kwa furaha, kwa kuwa ni nadra katika kazi ile kuwa na habari njema.

"Mama, tazama hapa. Kidole kimejikunja, unakitembelea kwa ncha, ndiyo maana kidonda hakiishi. Sasa kuna kamshipa huku chini, ndiko kanakokivuta. Daktari anaingiza sindano, anakakata, kidole kinalala. Basi. Hata kushonwa hushonwi."

"Anakakata?"

"Anakakata. Kamshipa kadogo tu, mama."

"Kabisa kabisa, au anakapunguza?"

"Kabisa. Kakibaki nusu si tumefanya kazi bure?" Akacheka, akampapasa mama kisigino.

Hapa inabidi nieleze jambo, ingawa si la kupendeza. Vitabuni kitu hicho hakiitwi mshipa. Kinaitwa kano: ile kamba nyeupe, ngumu, isiyo na damu, inayounganisha msuli na mfupa. Bi Vidole alilijua neno hilo vizuri, na miaka yake ya kwanza alilitumia. Lakini kila alipolitamka wagonjwa walimtazama kama mtu anayewasomea dua kwa lugha ya watu wengine, na bwana mmoja alimuuliza kama hiyo kano alizaliwa nayo au ameambukizwa hapo hospitalini. Akaliacha. Akachukua neno la watu, mshipa, kwa sababu katika lugha yetu kila kitu kirefu kilichomo mwilini ni mshipa. Unaopeleka damu ni mshipa, unaopeleka maumivu ni mshipa, unaovuta kidole ni mshipa, na hata ule unaowavimba wanaume mahali pasipotajwa mbele ya wakwe nao ni mshipa. Alilichagua kwa wema, apate kueleweka.

Mama akaushusha mguu, akaanza kuvaa soksi.

"Haya, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Siku ya kukatwa kamshipa ilifika, daktari mpasuaji akafika, sindano ikafika, mama hakufika. Simu yake ilikuwa imezimwa. Bi Vidole alizunguka akitafuta mpaka akampata mtaa wa pili, kwa mama yake mdogo, amekaa barazani anachambua dengu kana kwamba ameajiriwa kwa kazi hiyo.

"Dada yangu kaja kunitazama," mama mdogo akasema kabla hajaulizwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, na alipodanganya alisema kwa sauti kubwa. "Kwani kutazamana ndugu ni kosa siku hizi?"

"Shikamoo, mama mdogo. Si kosa. Lakini daktari alikuwa anamsubiri."

"Marahaba. Basi atasubiri, si ndiyo kazi yake?"

Mama alisema amepata udhuru. Wakapanga siku nyingine, na siku hiyo mama aliondoka nyumbani tangu asubuhi, mguu niponye, na huo mguu wenyewe ndio mbovu. Mara ya tatu Bi Vidole alipandwa na hasira. Alimkuta mama kwenye cherehani, akasimama mlangoni hata salamu akasahau.

"Mama, unaogopa sindano? Wewe?"

"Sindano nimekula nayo, nimelala nayo. Siiogopi."

"Sasa unaogopa nini?"

Mama akakanyaga mashine ikalia. Mwanawe akapaza sauti juu ya mlio. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Si wewe uliyenifundisha?"

"Mkuu ni mimi," mama akasema bila kuinua macho.

Neno hilo likafunga mjadala. Likafunga na mambo mengine pia, kwa maana tangu siku hiyo walizungumza habari za bei ya vitambaa na habari za majirani, na kidole hawakukitaja. Bi Vidole alidhani mama ni mkaidi tu, ukaidi wa uzee. Alikuwa na kinyongo kidogo, tuseme ukweli. Watu walitoka mbali kuja kumsikiliza, na aliyemzaa anakimbilia kuchambua dengu. Kwa upande wa mama pale kwenye mashine palikuwa na jambo jingine, lakini hakulisema, na mwanawe hakuona hata dalili yake.

Jumapili moja alikwenda, akamkuta mama ameketi kitandani ananyoosha miguu. Akaomba kuona. Mama akavua soksi upande mmoja, akamwonyesha kidole. Kilikuwa kikavu. Juu ya ncha palikuwa na sugu ngumu ya manjano, hapana maji wala usaha.

"Si unaona? Kimepona chenyewe."

Bi Vidole alijua kwamba sugu inaweza kuwa kifuniko. Alijua, maana aliwafundisha wauguzi wapya kila mara: usiamini sugu mpaka umeikwangua ukaona kilichoko chini yake. Kisu chake kilikuwa mkobani. Lakini mama alikwisha kurudisha soksi, na yeye wiki nzima alikuwa ameinamia miguu ya watu, mgongo unamuuma, na hakutaka ugomvi mwingine. Akasema, "Haya, nikija tena nitaikwangua." Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Wala simtetei, wala simlaumu. Mimi nawe tungefanya vivyo hivyo.

Alichelewa kuja tena. Kliniki ilikuwa na watu wengi, mwenzake alikuwa likizo ya uzazi, na Jumapili zikapita.

Siku moja saa za mchana, akiwa ameshika mguu wa mchezaji mpira, simu ikaita. Ni mama mdogo, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Njoo. Dada anatetemeka. Anaongea na cherehani."

Akamwachia muuguzi yule mchezaji. Alichukua teksi, akamhimiza dereva mpaka dereva akamwambia, dada, gari si ndege. Alipofungua mlango wa chumba cha mama kitu cha kwanza kilichomlaki kilikuwa harufu. Yeyote wa kazi yake angeitambua, na angetamani asiitambue. Mama alikuwa amelala ubavu, uso umepauka, jasho limemlowesha kanga, na kwenye mguu wa kulia soksi ilikuwa imegandamana na nyama. Bi Vidole aliilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akaivua taratibu, na mama hakushtuka hata kidogo. Kidole kilikuwa cheusi. Jirani zake nao walianza kufuata, na wekundu ulikwisha kupanda ukapita kifundo cha mguu.

"Nimeungua na pasi?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Twende hospitali."

Daktari mpasuaji, bwana mtu mzima mwenye miwani mizito, hakumzungusha. Alimwonyesha picha ya eksirei kwenye mwanga, mfupa wa kidole ulivyoliwa, na vile vidoa vya hewa ndani ya nyama, mahali ambapo hewa haina ruhusa ya kuwapo. Alijua anazungumza na mtu wa kazi, na huenda hilo lilimwia gumu zaidi.

"Ningeweza kukwambia tujaribu kidole peke yake," akasema. "Lakini umeiona."

"Nimeiona."

"Chini ya goti. Tumpe dawa za kupunguza sumu usiku huu, asubuhi awe wa kwanza. Tukisubiri zaidi ya hapo tunampoteza mwenyewe."

Bi Vidole alitikisa kichwa kukubali. Kisha alitoka, akasimama kwenye korido ileile ambayo aliwatembezea watu kila siku, na kwa mara ya kwanza hakuweza kumtazama hata mmoja anavyotembea.

Dawa zilipoingia, homa ikashuka, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama mama akapata fahamu zake zote. Akaomba maji. Akauliza nani amefunga nyumba. Bi Vidole alivuta kiti karibu, akamshika mkono, akaanza kumweleza. Alikuwa amejiandaa kwa vita: atabembeleza, atalia, atamwita mama mdogo aje kusaidia. Alieleza kila kitu bila kuzunguka, mguu utakatwa hapa, chini ya goti, akamwonyesha kwa kiganja.

"Haya," mama akasema. "Wakate."

"Umekubali?"

"Nikatae nini? Kama umeoza umeoza. Kitambaa kikiliwa na panya unakata unapoanza uzima."

"Mama." Alijaribu kuzuia sauti isipande, ikapanda. "Mguu mzima umekubali papo hapo, na kidole ulikikatalia miezi yote ile?"

"Nani alikataa kidole? Kidole wangekata hata siku ile ile. Mimi nilikataa mshipa."

"Mshipa umekukosea nini?"

Mama akageuza uso ukutani, halafu akaurudisha. Aliongea polepole, kama mtu anayefumua mshono asichane nguo.

"Baba yako alikatika mshipa mmoja. Mmoja tu. Alikuwa amesimama mbele ya kioo anafunga mkanda, akasema, mke wangu, nipe maji, nikageuka kuchukua, nikasikia kishindo. Daktari alikuja kunikuta mlangoni, pale wodini. Akaniambia, mama, ni kamshipa kadogo tu kichwani, kamekatika. Kadogo tu. Hivyo hivyo alivyosema. Na wewe ukanipakata mguu, ukaniambia mtakakata kabisa, kakibaki nusu mtakuwa mmefanya kazi bure. Tena ulikuwa unacheka."

"Lakini baba alikufa kwa presha."

"Presha ni neno la shangazi zako. Wewe ulikuwa mdogo, wao ndio waliokwambia. Mlangoni pale nilisimama mimi."

Kwa miaka yote hiyo walikuwa wamezika mtu mmoja kwa majina mawili. Kila mmoja alikuwa na lake, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake ana jingine, maana nani hukaa na mama yake wakaulizana baba alikufa kwa neno gani?

"Mama, si mshipa ule," akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamdondoka mapajani. "Si wa damu. Hauna damu hata tone. Ni kano. Ni kamba tu, mama, kamba inayovuta kidole."

"Kamba?"

"Kamba."

Mama akakunja uso, akafikiri. Vidole vyake vya mkononi vikaanza kuchezea ukingo wa shuka, akaukusanya ukajikunja, akauachia ukalala.

"Kama uzi wa kukusanyia marinda," akasema. "Ukiuvuta kitambaa kinajikunja, ukiukata kinalala."

"Hivyo hivyo."

"Sasa si ungesema kamba?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeuliza tu, na hilo ndilo lililomkata mwanawe maini. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi niliusikia msemo huo tangu utotoni nikidhani ni maneno ya kutisha watoto wasiopima wanachosema. Bi Vidole aliinamisha uso kwenye tandiko la mama yake, akalia kwa kwikwi, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia upande mwingine kumpa nafasi.

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema hatimaye. "Kwa nini, mama? Neno moja tu."

"Ningekuuliza nini? Kwamba, mwanangu, umemsahau baba yako?" Mama akaupeleka mkono wenye dripu, akaugusa utosi wake. "Nilidhani umemsahau. Ndilo lililoniuma. Kidonda sikukisikia hata siku moja, wewe mwenyewe unajua. Hilo nililisikia."

"Sijamsahau."

"Sasa nimejua."

Asubuhi, kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji, Bi Vidole alileta beseni la maji na sabuni. Aliuosha ule mguu kuanzia goti kwenda chini, akapita polepole kandokando ya pabaya. Alikausha katikati ya vidole vilivyobaki vizima, kimoja kimoja, kama alivyowahimiza wagonjwa wafanye kila siku. Halafu akatoa mkasi wake, akaanza kukata kucha. Muuguzi wa zamu alisimama pembeni.

"Dada," akasema kwa upole, "huo si unakwenda kukatwa?"

"Najua."

Akamaliza kucha. Akazipiga tupa zisikwaruze. Kitanda kilipoanza kusukumwa mama akasema, "Ahsante, mwanangu, umenisafisha." Milango ikafungwa. Mama mdogo, aliyekuja kumsindikiza dada yake, akakaa chini sakafuni pale pale, na safari hii hakuwa na la kudanganya. Alikuwa amejua habari ya mshipa tangu siku ile ya dengu, akaapishwa asiseme, na hakusema. Bi Vidole alikaa karibu naye. Alitaka kumchukia, akakosa nguvu.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kama lugha ya hospitali inavyosema. Sumu haikupanda zaidi. Daktari alikuja mwenyewe kutoa habari hiyo, akamwambia Bi Vidole kwamba mama ana moyo wenye nguvu kama wa kijana, ataishi. Watu wa ukoo walimshukuru Mungu kwenye simu. Bi Vidole naye alishukuru, kwa kuwa ilikuwa kweli, na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Siku iliyofuata, wakati wa kutazama wagonjwa, wodi ilikuwa imejaa watu na vikapu na vyombo vya chakula. Mama alikuwa amelala tangu asubuhi kwa nguvu ya dawa. Bi Vidole aliketi karibu na kichwa chake, akimpepea kwa karatasi. Mara mama akafumbua macho, akakunja uso.

"Mwanangu, kinauma."

"Kidonda, mama? Nimwite muuguzi?"

"Si kidonda. Kidole."

"Kidole kipi?"

"Hicho hicho. Cha pili. Kimejikunja, kinaniuma mpaka naona nyota."

Bi Vidole alijua jambo hili. Kichwa cha mtu humtunzia nafasi aliyeondoka, nao waliokatwa miguu husikia kuwashwa, kubanwa na kuungua mahali ambapo hapana kitu. Aliwahi kuzieleza familia nyingi, na alikuwa na maneno mazuri ya kuwaelezea. Lakini mguu ule ulikuwa haujasikia moto wala sindano miaka na miaka. Aliwahi kuugusa kwa uzi wake mara zisizo na idadi, mama amefumba macho, akiomba kimoyomoyo asikie ndiyo moja tu. Na ndiyo imekuja leo.

"Kinauma sana?" akauliza.

"Sana. Kinyooshe, mwanangu. Wewe si unajua kuvinyoosha?"

Angeweza kumwambia ukweli. Mama alikuwa na akili zake, alikubali mwenyewe, angeelewa. Lakini neno la kwanza alilompa, mshipa, lilikuwa limetosha.

Akainuka, akaenda miguuni pa kitanda. Upande wa kulia shuka lilikuwa limelala bapa juu ya godoro. Akapiga magoti, akanyoosha mikono, akaiweka pale ambapo kidole kingekuwa, gumba lake chini na kidole cha shahada juu, kama alivyowafanyia watu wote. Akavuta polepole kuja kwake. Wageni wa kitanda cha jirani wakakatiza mazungumzo.

"Hapo, mama?"

"Juu kidogo."

Akasogeza mkono juu kidogo.

"Hapo hapo," mama akasema, na uso wake ukaanza kulegea. "Usikiachie."

"Sikiachii, mama."

Wala hakukiachia. Kengele ya wageni ililia, watu wakakusanya vikapu vyao wakatoka mmoja mmoja, na yeye alikuwa bado amepiga magoti pale, ameshika shuka.